Stokingi za Mama na Nambari za Ndoana

Wiki iliyopita nilikwenda Garsen kununua stokingi. Usicheke. Najua umri wangu, na najua pia jinsi jua la kwetu linavyochoma. Lakini miguu yangu imeanza kuvimba kila jioni, na daktari akasema damu imechoka kupanda, nivae soksi ndefu za kubana. Basi nikaingia duka la dawa lililo karibu na stendi. Msichana aliyekuwa nyuma ya kaunta, vidole vyake vina hina ya harusi ya mtu, akatoa maboksi matatu akayapanga mbele yangu.

"Nyanya, unataka namba gani?"

Swali la kawaida kabisa. Mimi nikashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Msichana akadhani nimepatwa na kizunguzungu, akaniletea kiti na maji ya baridi. Watu waliokuwa wakingoja dawa wakanitazama nikilia, mwanamke mzima, mbele ya boksi la soksi. Nilimwomba radhi nikasema ni jua. Wewe nitakwambia ukweli, maana sijamwambia mtu, na sidhani kama nina miaka mingi ya kuendelea kunyamaza.

Mimi ni mtoto wa Hewani, kijiji kilichokaa kati ya mto na msitu. Miaka hiyo ya hamsini, kabla ya uhuru, Mto Tana ndio uliotupangia kila kitu. Ukifurika na kurudi, tulipanda mpunga kwenye tope. Ukipungua, tulipanda mahindi na kunde ukingoni. Watoto tulipewa kazi ya kufukuza nyani na kima waliotoka msituni kuja kula mazao, nasi tulipiga madebe mpaka sauti zikatukauka. Mchana kijiji kilinuka moshi wa kambare wanaokaushwa. Jioni ilikuwa ni michi ikitwanga, ua huu na ua ule, na wali wa mpunga mpya ambao sijapata kula mwingine kama ule, hata huko mijini nilikokaa miaka yangu mingi ya kazi.

Mama yangu alikuwa mjane. Baba alifariki kabla sijaota meno, akaacha mtumbwi, mishipi, na kopo la bati lililojaa ndoana. Wanawake wa kwetu walivua kwa vikapu, wakiingia majini pamoja huku wakiimba na kutaniana. Mama aliingia nao, lakini siku nyingine alikaa peke yake ukingoni akivua kwa ndoana za marehemu mumewe, na wanaume wengine wakakohoa walipompita. Hakujali. "Samaki hajui nani ameshika mshipi," aliniambia, akacheka puani kama alivyozoea. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hayo machache yalikuwa na chumvi.

Mimi ndiye niliyetumwa Garsen kununua ndoana, dukani kwa Msomali mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina ambaye hakupenda mteja asiyejua anachotaka. Ukifika, unataja nambari. Nambari kumi na mbili ilikuwa kindoana cha perege, kidogo kama ukucha wa paka. Nambari mbili ilikuwa ndoana ya kambare mkubwa, nene kama sindano ya kushonea magunia. Nambari ikipungua, chuma kinanenepa. Nambari ikipanda, chuma kinakonda. Nilijua hilo kabla sijajua kuandika jina langu. Hata fundi cherehani aliyekaa kwenye baraza ya duka hilo, uzi wake wa nambari arobaini ulikuwa mzito na wa sitini mwembamba. Dunia yote niliyoiona ilihesabu hivyo, na mwalimu wangu wa hesabu hizo alikuwa mama.

Mguu wa kushoto wa mama ulikuwa na matende. Ulianza kuvimba nilipokuwa mdogo sana, na kila mwaka, baada ya msimu wa mbu, uliongezeka kidogo. Alivaa leso ndefu iliyofagia chini, hata shambani, akawa anarudi na tope mpaka magotini. Aliacha kwenda kwenye harusi. Akialikwa, alituma wali na samaki, akabaki nyumbani akisema ana kazi. Nilikuwa mtoto, nikaamini kwamba mama yangu hapendi ngoma.

Umbali wa mwendo wa saa moja kwa miguu kulikuwa na misheni, yenye shule na zahanati. Nilisoma pale. Zahanati iliendeshwa na mwanamke wa Kizungu tuliyemwita Bibi Nesi, mrefu, mwenye madoadoa usoni, anayesema Kiswahili cha kitabuni. Hakusema "njoo hapa" kama watu. Alisema, "Tafadhali, unikaribie." Tulimwigiza njia nzima kurudi nyumbani. Lakini alikuwa mwema, na siku moja akamwomba mwalimu amtafutie msichana mwenye mikono ya polepole wa kumfulia vitu vyake baada ya masomo. Mwalimu akanitaja mimi.

Siku yangu ya kwanza nilimkuta Bibi Nesi ameketi barazani baada ya kazi. Akainamisha mikono kwenye paja, chini ya gauni, akafungua kitu, kisha akaanza kujichuna ngozi ya mguu. Nakwambia nilivyoona. Ngozi ilishuka kutoka juu mpaka kwenye kifundo, ikatoka nzima, na chini yake kukawa na mguu mwingine, mweupe zaidi. Nilikimbia mpaka getini nikipiga kelele. Mama aliposikia habari ile alicheka mpaka akalala chini kwenye mkeka, na tangu siku hiyo, kwetu nyumbani, stokingi ziliitwa ngozi ya Bibi Nesi.

Polepole nikazizoea, na baadaye nikazipenda. Bibi Nesi alinifundisha kama vile anafundisha darasa zima. Kulikuwa na za pamba, nzito, alizovaa kazini, ambazo zililegea magotini na zilifuliwa kama nguo nyingine. Kulikuwa na jozi moja ya sufu, ya kwao kwenye baridi, iliyolala kabatini na nondo wakaila. Kulikuwa na za nailoni, zenye mshono mmoja mrefu nyuma kuanzia kisigino hadi paja, na ole wako mshono ukienda upande. Hata nailoni zenyewe hazikuwa sawa. Nyingine za kila siku, nyingine za Pasaka na Krismasi. Kuzitofautisha alinifundisha njia moja: unatia mkono ndani, unakunjua kiganja. Ukiona mistari ya kiganja chako yote, hiyo ni nyembamba kabisa. Ukiona vidole lakini mistari huioni, hiyo ni ya katikati. Usipoona hata vidole, hiyo ni nene. Nikawa fundi wa kutia mkono.

Kabla ya kuzigusa nilipaka mafuta ya nazi viganjani, maana ngozi ikikwaruza, uzi unakatika na kukimbia kutoka goti mpaka kisigino, na hakuna wa kuusimamisha. "Tafadhali, usikamue," alisema kila mara. Nilizibonyeza kwenye taulo, nikazianika kivulini. Alinionyesha pia kwamba kisigino na vidole vya stokingi hufumwa kwa uzi mzito, hata kama sehemu yote ya juu ni nyembamba kama utando, kwa sababu pale ndipo kiatu kinapokula. Kwa hiyo ukitazama kisigino peke yake, huwezi kujua unene wa stokingi. Hilo alinifundisha vizuri sana. Nalo nililisahau siku nilipolihitaji.

Mwaka wangu wa mwisho katika shule ile, mama akapata homa ya mguu. Nilimbembeleza mpaka akakubali kuonyesha mguu wake kwa Bibi Nesi. Aliketi kwenye benchi la zahanati akatazama ukutani, na leso ilipopandishwa akafumba macho. Bibi Nesi hakushtuka. Aliuosha ule mguu kwa sabuni kama anavyooshwa mtoto mchanga, akaupima kwa utepe, juu, katikati na chini. Akasema matende hayatapona, lakini yanaweza kuzuiwa: mguu uoshwe kila siku, ukaushwe, ubanwe kwa stokingi ya uzi wa mpira, tena ile nene kuliko zote. Mama akauliza kama hawezi kuufunga kwa vitambaa tu.

"Hapana, mama," akasema Bibi Nesi. "Kitambaa kitalowa, kitakwaruza, ngozi itafunguka. Jeraha likiingia maji ya mafuriko, utakufa."

Kiswahili cha kitabuni hakikuwa na njia ya kuzunguka neno. Mama alisikia. Nilikuwa nimekaa karibu yake, najua alisikia.

Siku zile zile mwalimu akaja nyumbani kwetu. Alitaka niende shule ya bweni ya wasichana, mbali, safari ya lori ya siku mbili. Mwenye kauli alikuwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba. Hakuwa mtu mbaya, alitupa mahindi msimu ulipokuwa mkavu, lakini kusoma kwa msichana aliona ni kupoteza mtu. Alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho, akasafisha koo.

"Mwalimu, mimi sijui kusoma, lakini najua kuona. Huyu mtoto mnasema anajua kusoma. Haya. Hayo masomo yakileta dawa ya mguu wa shemeji yangu, nikaiona kwa macho yangu, aende. Yasipoleta, atabaki hapa na asizungumziwe tena."

Mama alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, akaendelea kuchambua.

Basi yote yakawa juu ya stokingi ile. Bibi Nesi aliahidi kuiagiza kutoka duka moja la Mombasa, zawadi yake kwa mama. Lakini kabla hajaiagiza, homa ikamwangusha yeye mwenyewe, na ikaamuliwa arudishwe kwao kupumzika. Asubuhi ya safari nilimkuta kitandani anatetemeka, masanduku yake yamefungwa, mwalimu amesimama mlangoni, lori linanguruma nje kwa sababu mto ulikuwa unapanda na dereva aliogopa kukosa kivuko. Akanipa fomu. Vipimo vya mguu alikuwa amekwisha kuvijaza kwa mkono wake. Kilikuwa kimebaki kisanduku kimoja tu, cha unene wa uzi, na pembeni yake nambari za kuchagua: 15, 30, 60.

"Andika ile iliyo nene kuliko zote," akasema. "Wewe unajua."

Nilijua, ndiyo. Nilijua kwa mkono. Nambari zilikuwa kwenye pakiti, na pakiti zilikaa kabatini kwake, hazikuwahi kufika kwenye beseni langu. Ningeuliza. Neno moja tu lingetosha. Lakini alikuwa ameniambia kwamba najua, mbele ya mwalimu, na mimi nilikuwa na umri wa kupenda kuonekana najua. Nikazitazama zile nambari kama ninavyotazama kopo la baba. Iliyo ndogo ndiyo nene. Nikaandika 15, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, nikarudisha kalamu. Akatia sahihi bila kusoma. Lori likaondoka naye na fomu ile.

Mzigo ulichukua miezi. Kila lori la Malindi lilipovuka mto pale Garsen kwenye pantoni ya kuvutwa kwa kamba, nilikuwa nimekwisha kufika ng'ambo ya huku, nikiwasikiliza wavuta kamba wakiimba na kutukanana kwa upole. Nikimaliza kuuliza, narudi mikono mitupu. Baba mkubwa hakunidhihaki. Aliuliza tu, "Bado?" nami nikajibu bado.

Siku mzigo ulipofika, mimi nilikuwa darasani. Aliyeuleta alikuwa mwanamke wa Kiorma aliyetuuzia maziwa kila asubuhi, mwembamba, mrefu, aliyebeba chombo chake cha kusukwa mgongoni. Alikuwa amepita dukani kwa Msomali akakabidhiwa. Yeye na mama wakaufungua pamoja. Niliporudi jioni, mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele kidogo, leso imepanda kiasi cha kuonyesha kisigino na kifundo tu. Na pale kwenye kisigino kulikuwa na stokingi, ya rangi ya kahawia, nzito, imekaa sawasawa. Nilipiga magoti nikataka kutia mkono. Akanipiga kofi dogo kwenye vidole.

"Mikono ina samaki hiyo! Unataka uzi ukimbie?"

"Zimebana, mama?"

"Zimebana hasa."

Baba mkubwa akaja. Akainama, akatazama kile kisigino kwa muda, akauliza swali lile lile, na mama akamjibu vile vile: zimebana hasa. Kesho yake akazunguka kijiji kizima akiwaambia watu kwamba mtoto wao ameandika barua mpaka Mombasa na Mombasa ikajibu. Alijivuna kuliko mimi.

Nilikaa nyumbani wiki chache kabla ya kuondoka, na nilifurahi kwa namna ambayo sasa naionea aibu. Mguu wa mama ulionekana kupungua. Alitembea ameshika kiuno, akaenda hata kwenye harusi moja, akakaa nyuma, akapiga makofi. Kila asubuhi nilitumwa kuteka maji mapema, kabla mwuza maziwa hajafika, na nikirudi nilimkuta mama amekwisha kuvaa, paji la uso lina jasho. Nilidhani ni joto la moto wa chai. Siku ya safari alinisindikiza mpaka kivukoni, mwendo wote ule, bila kulalamika. Alinipa kambare wakavu kwenye kikapu, akanikumbusha nisiwape wote wenzangu. Pantoni ilipofika katikati ya mto niligeuka. Alikuwa amesimama kwenye tope, leso ameishika juu kidogo isilowe, na nikakiona kisigino chake cha kahawia.

Huko bweni niliandika barua, na mwalimu alimsomea. Majibu yalikuja kwa mwandiko wa mwalimu lakini kwa maneno ya mama. Mpunga umekubali. Nyani wamezidi. Baba mkubwa anakusalimu. Mguu ni mzima, zimebana hasa.

Mwaka wa pili mto ukafurika vibaya. Barua ya mwalimu ilinifikia imechelewa wiki tatu, na kutoka hapo barabara ilikuwa imefungwa na maji. Nililala Malindi siku kadhaa nikingoja lori litakalothubutu. Nilipofika Hewani, mama alikuwa amekwisha kuzikwa, na hata matanga yalikuwa yameanuliwa. Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Wakaniambia ilikuwa homa, ya siku nne. Wakaniambia alipokuwa akiweweseka alitaja jina langu. Watu husema hivyo kwa kila mfiwa, lakini nililipokea, sikuwa na kingine cha kupokea.

Siku ya tatu mwanamke wa Kiorma akaja. Aliweka chombo chake chini, akakaa nami mkekani. Kisha akatoa ndani ya nguo zake kopo la bati, lile la ndoana za baba.

"Mama yako nasema, mimi naweka hii. Nasema, mtoto kama nauliza, mpe. Kama hauliza, tupa kwa mto. Wewe hauliza. Lakini mimi nashindwa kutupa."

Nikafungua. Ndani, juu ya ndoana, kulikuwa na stokingi zimekunjwa. Nikazitoa. Nikatia mkono, nikakunjua kiganja kwenye mwanga wa mlangoni. Niliiona mistari yote. Niliona mpaka kovu dogo la ndoana kwenye kidole changu cha shahada. Zilikuwa nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, na kisigino peke yake ndicho kilichokuwa kizito. Chini yake kulikuwa na vitambaa vimeviringishwa vizuri, vyekundu na vyeusi, na ilinichukua muda kutambua kwamba ni leso ya harusi ya mama, imechanwa vipande virefu. Vingine vilikuwa na madoa ambayo sabuni haikuyatoa.

"Mimi kila asubuhi nakuja na maziwa, nafunga yeye mguu," akasema. "Nafunga kwa nguvu. Yeye nauma meno. Halafu navaa soksi juu. Mimi nasema, hii kitambaa nalowa, hii mbaya, wacha. Yeye nasema, ngoja mtoto napanda lori. Wewe napanda lori. Mimi nasema, sasa wacha. Yeye nasema, shemeji iko, naangalia. Kama najua soksi ni bure, narudisha mtoto."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia jirani yeyote, kwa nini yeye.

"Jirani yake nasema kwa jirani. Mimi natoka mbali. Mimi nasema kwa ng'ombe."

Kisha nikamwuliza lile moja lililokuwa linanikata. Je, mama alikasirika siku ile walipofungua mzigo?

Yule mwanamke akatikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza akatabasamu. Akaingiza vidole kwenye kopo, akatoa kipande cha karatasi kilichokuwa kimezunguka zile stokingi dukani. Kilikuwa na nambari moja kubwa: 15. Kilikuwa kimelala pale pamoja na vipakiti vya ndoana, nambari juu ya nambari. Mama hakujua herufi hata moja, lakini nambari alizijua zote.

"Yeye naangalia hii karatasi," akasema, "halafu nacheka. Nacheka sana, mpaka napata machozi. Nasema, 'Tazama mtoto wangu. Ameandika kama ndoana.'"

Alinielewa papo hapo, kabla mimi mwenyewe sijajielewa. Kwenye stokingi nambari huenda kinyume cha ndoana: ndogo ndiyo nyembamba. Alijua kosa limetoka wapi, maana lilitoka kwake. Akacheka, kisha akachukua leso yake nzuri akaichana, akijua Bibi Nesi alisema nini kuhusu kitambaa. Nimekaa na jambo hilo zaidi ya miaka sitini na bado sijui niliweke wapi. Watu huniambia, na mimi nimejiambia, kwamba nilikuwa mtoto. Ni kweli. Haisaidii.

Baba mkubwa sikumwambia kamwe. Mwaka uliofuata alimpeleka shule binti yake wa mwisho, halafu wajukuu zake wa kike mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimhadithia ile barua ya Mombasa. Alifariki akiiamini. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie, nikawaona wale wasichana na mabegi yao ya shule, nikaufunga.

Sasa pale kivukoni pana daraja, na magari yanapita bila hata kupunguza mwendo. Wavuta kamba hawapo, na nyimbo zao sijamsikia mtu akiziimba. Duka la Msomali ni kibanda cha simu. Mpunga wa mafuriko haupandwi kama zamani, maana mafuriko yenyewe hayaji kwa wakati, na yakija yanakuja kwa hasira. Yule mwanamke wa Kiorma na watu wake walihama kufuata malisho mwaka mmoja wa ukame, wasirudi. Sikuwahi kumshukuru vya kutosha. Stokingi zenyewe zilichakaa ndani ya kopo, siku moja nikazishika zikabaki vumbi vidoleni mwangu. Vipande vya leso ninavyo bado.

Nikarudiwa na akili pale dukani, nikafuta macho. Yule msichana bado alikuwa amesimama mbele yangu, ameshika maboksi yake.

"Namba usiniulize, mwanangu," nikamwambia. "Nipe nitie mkono."

Akashangaa, lakini akanifungulia. Nikatia mkono kwenye ya kwanza, nikaona vidole. Nikatia kwenye ya pili, nikaona kivuli. Nikatia kwenye ya tatu, nikakunjua kiganja changu cha kizee, sikuona kitu. Nikasema nipe hiyo. Akapiga magoti sakafuni, mtoto wa watu, akanivisha mwenyewe mguu wa kushoto kwanza, akavuta polepole mpaka gotini, akainua uso.

"Zimebana, nyanya?"

"Zimebana hasa," nikamwambia, na mimi nilikuwa nasema kweli.